Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Naanza na hilo ili ninyi mnaoingia leo kwenye maabara za mifugo msije mkadhani kwamba sisi tuliowatangulia tulizaliwa tukijua kazi. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, nikapangiwa maabara mjini Shinyanga, na kichwani mwangu nilijiona nimekaa kwenye kiti kirefu, koti jeupe, jicho kwenye hadubini. Mkuu wa Maabara, mzee mfupi mwenye sauti ya kuswagia ng'ombe, alinitazama miguuni, akanitazama usoni, kisha akanikabidhi kasha la chupa ishirini na buti za mpira zilizonizidi saizi mbili.

"Binti, kabla ya hadubini kuna ng'ombe," akasema. "Wako watano pale zizini. Kila chuchu na chupa yake. Nenda."

Nilirudi baada ya saa mbili, nimepigwa teke moja la paja, lakini chupa zote zimejaa, na nilijiona shujaa. Mzee akainua chupa ya kwanza kwenye mwanga wa dirisha, akaitikisa, akaimwaga kwenye sinki. Ya pili akaimwaga. Alizimwaga zote ishirini huku nimesimama namwangalia.

"Umeniletea mavi, hukuniletea maziwa. Rudi."

Nililia njiani kwenda zizini, nawaambia ukweli. Lakini nilifundishwa siku hiyo jambo ambalo nimelifanya mpaka siku ya mwisho. Chuchu inafutwa kwa pamba yenye spiriti, ile ya mbali kwanza na ya karibu mwisho, ili mkono usipite juu ya iliyokwisha kusafishwa. Maziwa ya mikamuo ya kwanza yanatupwa. Chupa inashikwa kwa kulazwa, mdomo wake usikae chini ya kiwele moja kwa moja, maana hapo ndipo uchafu unapodondokea. Mara ya pili Mkuu alizikubali chupa kumi na saba, na hizo tatu nyingine sikuthubutu kuziulizia.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Kuna ugonjwa wa kiwele, ambao vitabu vinauita mastaitisi: chuchu inakuwa ya moto, maziwa yanatoka na mabonge, na ng'ombe anarusha mateke kwa maumivu. Sisi tulitakiwa kujua ni vimelea gani vimeingia humo na ni dawa gani itaviua. Unachukua waya mwembamba wenye kitanzi, unauunguza kwenye moto mpaka uwe mwekundu, ukipoa unauchovya kwenye maziwa na kuchora nao juu ya sahani yenye chakula cha vimelea, chakula ambacho tulikichanganya na damu ya kondoo. Sahani inalala ndani ya inkubeta, kwenye joto la mwili. Kesho yake unakuta vitone vimeota. Kuna jamii moja ya vimelea ambayo vitone vyake vina rangi ya dhahabu kabisa, na mimi nilipenda kuwatania ndugu zangu waliokuwa wamekwenda machimboni Geita kwamba na mimi nachimba, tena silowi tope.

Baada ya hapo unapanga juu ya sahani nyingine vikaratasi vya mviringo, vidogo kuliko kifungo cha shati, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Dawa inayofanya kazi inaacha uwazi mpana kukizunguka kikaratasi, vimelea vimekufa vyote. Dawa iliyoshindwa haiachi kitu. Vimelea vinaota mpaka vinakipanda kikaratasi chenyewe. Hivyo ndivyo vimelea sugu. Mwaka wangu wa kwanza kazini karibu kila kikaratasi kilikuwa na uwazi wake, mpana, wa kupendeza. Nilidhani ndivyo dunia ilivyo.

Nilikaa Shinyanga, kisha nikapelekwa Songwa kwa miaka michache, kupima maziwa ya ng'ombe wa kienyeji waliokuwa wakikamuliwa vikombe viwili vitatu tu kwa siku. Sina mengi ya kusema kuhusu Songwa isipokuwa vumbi na upweke. Halafu nikahamishiwa Masumbwe, na huko ndiko nilikofanya kosa ninalotaka kuwaeleza.

Masumbwe maziwa yalikuwa biashara ya machimbo. Mchimbaji anayeshinda ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, anaamini kwamba maziwa yanaosha vumbi kifuani. Mimi sikuwahi kuliona hilo kwenye kitabu chochote, lakini jaribu kumwambia mtu aliyetoka chini ya ardhi macho mekundu kwamba asinywe maziwa. Wachuuzi walikuja na pikipiki na madumu, wakayachukua maziwa kwenye kikundi cha kina mama wenye ng'ombe chotara, wakaenda nayo mwendo mrefu kwenye jua. Yakiganda njiani, mchuuzi anarudi kuja kugomba. Kwa hiyo maziwa yanayokaa bila kuganda ndiyo yaliyogombewa.

Katika kikundi hicho alikuwamo Mama Nkwimba, mwanamke mrefu, mcheshi, mwenye ng'ombe wanne na mikono ambayo sijaona mfano wake kwa kukamua. Maziwa yake hayakuwahi kurudishwa hata siku moja. Wachuuzi walikuwa wakimwuliza yeye kwanza kabla hata hawajazima pikipiki.

Basi tukaandaa siku ya wafugaji, na mimi nikateuliwa kuwa mwamuzi wa maziwa bora. Nilifanya jambo lililoonekana la kitaalamu sana. Nilipanga juu ya meza chupa moja ya kila mwanachama, nikazibandika majina, nikaziacha hapo mpaka asubuhi ya pili. Maziwa machafu yana vimelea vingi, kwa hiyo huganda upesi. Maziwa masafi hukawia. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, na ni kweli. Asubuhi ile chupa zote zilikuwa zimeganda ila moja. Ya Mama Nkwimba ilikuwa inacheza kama imekamuliwa sasa hivi. Nikasimama mbele ya watu, nikaiinua juu, nikampa zawadi ya ndoo ya kukamulia yenye mfuniko, na nikasema kwa sauti kubwa, "Kina mama, fanyeni kama Mama Nkwimba!"

Mama Nkwimba mwenyewe sikumwuliza anafanyaje.

Wenzake walimwuliza. Na yeye hakuwa mchoyo, akawafundisha wote. Kila mwezi ukiandama, aliwadunga ng'ombe wake sindano ya oksitetra, dawa ya kuua vimelea, wagonjwa na wazima, "ili wasije wakaugua." Chuchu ikiwa ya moto, anaiminyia ndani bomba la dawa kutoka dukani, na jioni ile ile anakamua na kuuza. Kwenye kichupa cha dawa imeandikwa ni siku ngapi maziwa yasinywewe wala kuuzwa, lakini imeandikwa kwa maandishi ya kutafutwa kwa miwani, na kwa lugha ambayo pale Masumbwe hakuna aliyeihitaji kwa lolote lingine. Haukupita muda, kikundi kizima kilikuwa kinafuata utaratibu wa mshindi wangu.

Niligundua jikoni kwangu. Wakwe zangu walikuwa wanakuja, nami nikataka kuwaandalia mtindi. Nikanunua maziwa ya kikundi, nikayachemsha, yakapoa, nikatia mtindi wa mbegu, nikafunika. Kesho yake yalikuwa maji. Nikaongeza mbegu. Kesho kutwa, maji. Mume wangu, Baba Limi, ambaye hajawahi kukosa neno, akachungulia sufuria.

"Fundi wa maabara ameshindwa na mtindi," akasema. "Nikamwite mama yangu aje akufundishe?"

 Nilichota kwa mwiko, nikayaacha yachuruzike sufuriani. Mtindi nao ni kazi ya vimelea, vile vizuri. Kama vimekataa kuishi ndani ya maziwa haya, humo kuna kitu kinachoviua. Kuchemsha huua vimelea, ndiyo, lakini dawa iliyomo haiondoki kwa kuchemsha. Nikaiona ile chupa juu ya meza ya mashindano, na mimi nimeiinua kama mjinga, nacheka.

Nilikusanya sampuli zizini kwa wanachama wote, nikasafiri nazo hadi Shinyanga na kasha la barafu nimelipakata. Vitone vya dhahabu viliota vizuri. Nikapanga vikaratasi. Kwa ng'ombe wa Mama Nkwimba, vikaratasi vinne havikuwa na uwazi wowote. Dawa zile ambazo mwaka wangu wa kwanza zilifagia sahani nzima, sasa vimelea vilikuwa vimezizunguka bila wasiwasi. Zilibaki mbili tu zenye uwazi wa maana. Kudungwa dawa kidogo kidogo kila mwezi kulikuwa kumeviua vinyonge na kuviachia shamba vile vigumu.

Nilimpelekea majibu mkuu wangu wa kazi, daktari wa mifugo, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Aliyasoma mara mbili.

"Waambie," akasema.

"Mimi, daktari?"

"Zawadi uliitoa wewe. Nikienda mimi watasema ofisi inataka kuwafungia biashara. Wewe wanakuamini."

Hapo ndipo nilipokuwa mwoga. Nisingependa kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa. Badala ya kwenda kusema, niliandika karatasi ya ushauri, "Zingatieni usafi na matumizi sahihi ya dawa," nikaibandika kwenye ukuta wa jengo la kukusanyia maziwa. Karatasi haikumtaja mtu, haikusema mwamuzi alikosea. Kina mama waliipita kila siku na ndoo zao. Nikajiambia nitasema mwezi ujao, na mwezi ujao ukaja, ukaenda.

Kisha nikasikia Mama Nkwimba amelazwa.

Alikuwa amechomwa na mwiba kwenye kidole cha shahada, mkono wa kulia. Jambo dogo. Akaendelea kukamua. Kidole kikavimba, akameza vidonge vya rangi mbili vya dukani; kikavimba zaidi, akakipaka dawa ile ya bomba la ng'ombe. Nilipofika hospitalini, mkono ulikuwa umevimba mpaka juu ya kifundo, ngozi inang'aa, na yeye amekonda usoni.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa lugha ya nyumbani.

"Mwangaluka, Mama Limi. Karibu." Akajaribu kutabasamu. "Wanasema dawa haishiki. Wamebadilisha mara mbili. Leo daktari ametaja kukata."

"Kukata kidole?"

"Mkono. Kama sumu ikizidi kupanda." Akautazama ule mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Wakiukata, nitakamua kwa nini? Kwa meno?"

Niliona aibu mpaka nikatamani kuondoka. Badala yake nikakaa kitandani kwake, nikamwambia. Nilimwambia kwamba ile zawadi nilikosea. Kwamba maziwa yake hayakuganda kwa sababu yalikuwa na dawa, wala si kwa sababu yalikuwa masafi kuliko ya wenzake. Kwamba vimelea vya viwele vya ng'ombe wake vilishaizoea dawa, na huenda ndivyo vilivyomo kidoleni, maana mkono unaokamua na kiwele kinachokamuliwa vinaambukizana. Kwamba nilijua tangu miezi miwili iliyopita.

Akauweka ule mkono uliovimba juu ya mto.

"Kwa hiyo ile ndoo nirudishe?" akauliza.

Nilidhani ananitania, na kweli alikuwa ananitania, lakini machozi yalikuwa yanamtoka. Kisha akanishika mkono kwa ule wake mzima, akanibana kwa nguvu mpaka ikauma.

"Miezi miwili, Mama Limi! Na mimi nimewafundisha wote. Nenda kamwambie daktari. Usikae hapa kunililia, nenda!"

Daktari alikuwa kijana, ana haraka, ana heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina majibu ya maabara yanayomhusu yule mgonjwa wako wa mkono."

Akasoma kichwa cha karatasi tu. "Mama, hiki ni kipimo cha ng'ombe. Mimi natibu watu."

"Na anayemkamua huyo ng'ombe ni nani?"

Akainua macho. Akarudi kwenye karatasi, safari hii taratibu, akishuka na kalamu kwenye majina ya dawa. Alipofika kwenye zile nne zilizoshindwa, akagonga mbili kwa ncha ya kalamu. "Hizi ndizo tulizompa," akasema, kwa sauti ya chini. Hakuniahidi kitu. Alisema majibu ya ng'ombe hayawezi kuwa majibu ya mtu, atachukua usaha uoteshwe kwenye maabara ya watu, lakini mgonjwa hawezi kusubiri bila dawa, na kama zile mbili zimeshashindwa basi ataanza na mojawapo ya zile zenye uwazi, kwa kuwa wanayo stoo. Upasuaji wa kukata mkono ukaahirishwa kwanza.

Siku tatu zile sikula vizuri. Siku ya nne uvimbe ulirudi chini ya kifundo. Majibu ya usaha yalipokuja yalifanana na ya kwangu karibu kikaratasi kwa kikaratasi. Mkono ulipona. Kidole hakikupona chote. Walikata pingili ya mwisho, na Mama Nkwimba akasema pingili moja ni kitu gani, hata kukamua haihitajiki.

Mkutano wa kikundi aliuitisha mwenyewe, bandeji ingali mkononi. Mimi nilisimama kwanza, nikasema kosa langu lote bila kulipunguza. Kina mama walikasirika, na walikuwa na haki. Mmoja akanirukia, "Juzi ulitupigia makofi, leo unatuambia tunalisha watu sumu? Maziwa yakianza kuganda, wachuuzi si watatukimbia?"

Nilikuwa nafungua mdomo kujibu, Mama Nkwimba akanizuia. Akaifungua bandeji, akazungusha mkono mbele yao wote.

"Aliyenifuata kudunga sindano anifuate na leo," akasema. "Ng'ombe mzima hadungwi. Ng'ombe mgonjwa anapimwa kwanza, na maziwa yake tunamwaga. Hatuuzi, hatunywi, ndama hapewi. Asiyetaka atoke sasa, tukijua."

Wawili walitoka. Waliobaki walitunga utaratibu ambao hakuna kitabu kilichonifundisha. Ng'ombe aliyetibiwa anafungwa mguu wa nyuma kitambaa chekundu cha kanga, chenye mafundo sawa na siku zilizoandikwa kwenye kichupa. Mafundo anayafunga daktari wa mifugo mwenyewe siku ya dozi ya mwisho. Kila asubuhi linafunguliwa fundo moja, na kitambaa hakivuliwi mpaka kibaki kimenyooka. Mgonjwa anakamuliwa wa mwisho, baada ya wazima, na mikono inanawiwa kwa sabuni kati ya ng'ombe na ng'ombe. Na kwenye jengo la kukusanyia, kila jioni, kikombe kimoja cha kila mwanachama kinachemshwa na kutiwa mbegu ya mtindi. Asubuhi, kisichoganda, mwenye nacho anaulizwa mbele ya wote. Yaani kipimo kile kile nilichokitumia vibaya, wao walikigeuza kikawa sahihi.

Msijidanganye kwamba ilikuwa rahisi. Wachuuzi walinuna msimu mzima. Wawili kati ya ng'ombe wa Mama Nkwimba tuliwakausha chuchu moja moja, kwa sababu hakuna dawa iliyosaidia, na mmoja ilibidi auzwe kwa mchinjaji siku zake za dawa zilipokwisha. Lakini kina mama walianza kuwapakilia wachuuzi alfajiri kabla ya jua, na yaliyobaki wakayagandisha kwa makusudi. Wachimbaji wakaupenda mtindi. Baada ya mwaka, wale wawili waliotoka walirudi, wakapokewa bila maneno.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Kharumwa. Kabla ya kustaafu niliomba ruhusa nipime mara moja tena ng'ombe wa Masumbwe. Kichwani mwangu sikutarajia kitu. Vikaratasi vitatu kati ya vile vinne vilikuwa vilevile, vimezungukwa. Cha nne kilikuwa na uwazi. Haukuwa mpana kama wa ujana wangu, lakini ulikuwepo, na niliupima kwa rula mara tatu. Wenzangu wadogo walishangaa kuona mama mzima analia juu ya sahani ya vimelea. Ninyi mnaoshika kazi sasa mtasikia watu wakisema dawa zimekwisha, hakuna la kufanya. Mimi nimeona kwa macho yangu dawa ikirudi kidogo pale watu walipoacha kuichezea. Na nimeona kwamba mtaalamu akikosea, karatasi ya ukutani haitengenezi kosa. Aende kwa miguu yake, aseme kwa mdomo wake, na asiahirishe.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea Mama Nkwimba. Sasa mimi ni mgeni tu, sina koti wala kasha. Nilikuta mchuuzi amesimama uani na madumu yake.

"Mama, nipe hata lita tano," alikuwa anabembeleza. "Kule duarani wananisubiri."

"Leo hakuna. Huyu na yule wana vitambaa, na wa tatu ndama wake ni mchanga. Rudi keshokutwa."

"Mama, hawa watu hawajui mambo ya vitambaa!"

"Mimi najua," akasema Mama Nkwimba, akainamisha ndoo nzima ya maziwa ya asubuhi kwenye shimo lililochimbwa nyuma ya zizi. Mchuuzi alishika kichwa. Maziwa yalikuwa mazuri kuyatazama, na hakuwa na mengine ya kuuza siku hiyo.

Kisha akanawa mikono kwa sabuni, vidole tisa na kile kifupi, akanigeukia.

"Karibu ukae, Mama Limi. Utanisamehe, hata wewe sikupi. Nitakutengenezea chai ya rangi."

Nilikunywa vikombe viwili, nikaomba cha tatu.